Jibu: Waaborijini walipewa kura mwaka 1967?

Mkuu, umeuliza kama Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, walipata haki ya kupiga kura kupitia kura ya maoni ya 1967. Hapana, ingawa hata Waaustralia wengi huamini hivyo. Uchaguzi wa kitaifa waliruhusiwa wote 1962, na Queensland, jimbo la mwisho, likakubali 1965. Ile ya 1967 ilirekebisha katiba: wakahesabiwa kwenye sensa kama raia wengine, na bunge la kitaifa likapata mamlaka ya kutunga sheria juu yao. Zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura nchini walisema ndiyo.

Ila ukitaka kuujua ubaguzi wenyewe, weka katiba pembeni, tazama mji wa Moree, 1965. Waaborijini walipigwa marufuku kwenye bwawa la kuogelea la mji. Charles Perkins, Mwaborijini aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Sydney, akaja na basi zima la wanafunzi, wakawapeleka watoto wa Kiaborijini hadi mlangoni. Wazungu wakawarushia mayai na nyanya!

Mwaka uliofuata, mzee Vincent Lingiari akawaongoza Wagurindji, jamii mojawapo ya Waaborijini, kugoma kwenye ranchi ya ng'ombe ya Wave Hill. Wenye ranchi walidhani ni suala la mishahara tu. Kumbe wenzao walitaka ardhi. Walishikilia msimamo hadi 1975, Waziri Mkuu Gough Whitlam alipommiminia Lingiari mchanga kiganjani mbele ya wapiga picha, ishara ya kuwarudishia ardhi yao. Picha hiyo utaiona kila mahali, lakini siku ile walikabidhiwa hati ya upangaji tu. Umiliki kamili walisubiri mpaka 1986.