Maswali Yenu: Kupanua Wimbo Uliorekodiwa Chumbani

Wanaoniandikia sasa wengi wanarekodi kaswida na nyimbo za injili nyumbani, na karibu wote wanalia na jambo moja: wimbo unasikika mwembamba.

Nimeimba kiitikio, nikakinakili, nakala moja nikaitia kushoto, nyingine kulia. Mbona sauti bado iko katikati? (Changamwe)

Dada, nakala ni nakala. Masikio yote mawili yakipokea kitu kile kile kwa wakati mmoja, ubongo hukiweka katikati. Upana huletwa na tofauti, kwa hiyo imba upya. Sauti kuu ibaki katikati, kisha rudia kiitikio mara mbili, moja uitie kushoto kabisa na nyingine kulia. Huwezi kuimba sawasawa mara mbili hata ukitaka: pumzi itakatika mahali pengine, noti itapanda kwa unywele. Utamu uko hapo hapo. Ila katika zile sauti za pembeni, zilegeze "s" na "t" za mwisho wa neno, zisije zikatatarika moja baada ya nyingine.

Kuna wanaochelewesha nakala kwa milisekunde 20 hivi. Mjerumani Helmut Haas alieleza mwaka 1949 kwamba pengo dogo kama hilo sikio halilioni; husikia sauti moja tu, inayoegemea upande uliotangulia. Njia hiyo ipo, lakini mimi siipendi.

Na ubeti uache mwembamba. Ukiupanua nao, kiitikio kitapanukia wapi?

Tuna vijana wanane wa madrasa, matari mawili na maiki moja. Chumba ni cha mawe, hapa Mji wa Kale, na kila neno linarudi. (Ustadh)

Ustadh, kuta za matumbawe zilizopigwa chokaa hazimezi sauti. Tandika mikeka na mazulia, simamisha magodoro pembeni, ning'iniza mablanketi mazito nyuma ya waimbaji. Kanga ni nyepesi mno kwa kazi hiyo.

Maiki moja yatosha. Rekodi matari kwanza, peke yake, vijana wayafuate kwa hedifoni. Kisha waimbe nusu duara, hatua mbili kutoka kwenye maiki. Wakimaliza, waimbe tena baada ya kubadilishana nafasi, wa mbele arudi nyuma. Duru ya kwanza itie kushoto, ya pili kulia. Wanane watasikika kumi na sita. Msipuuze huko kubadilishana. Niliwahi kurekodi kundi la namna hiyo, nikamwacha kijana mmoja mwenye koo la chuma mbele mara zote mbili. Kaswida nzima ikawa yeye.

Kwenye hedifoni wimbo ni mpana ajabu, lakini kwenye spika ndogo kinanda kinatoweka. (Likoni)

Spika nyingi ndogo huchanganya kushoto na kulia kuwa mono. Wimbi la upande mmoja likipanda wakati la upande wa pili linashuka, yanafutana. Nashuku umekitilia kinanda programu ya kupanua. Izime, sikiliza kwa mono. Kinanda kikirudi, mwizi umempata. Hata ule ujanja wa kuchelewesha nakala unaponza hapa, ndiyo maana siupendi. Mimi kila wimbo huusikiliza kwa simu, nikiwa jikoni, sufuria ikitokota. Besi nayo isitoke katikati.

Nikiongeza mwangwi, si utajaa? (Kisauni)

Utajaa kama maji yanavyojaa chumbani. Mwangwi mwingi humrudisha mwimbaji nyuma, na mtu anayeliwazwa na wimbo hutaka sauti iliyo karibu naye. Tia kidogo, uanze milisekunde 20 au 30 baada ya neno, na ukate besi yake chini ya hezi 200.

Joto la kaskazi hili, kweli nizime feni? (Mtwapa)

Zima. Ukiimba mara tatu, mvumo wake nao umeurekodi mara tatu. Imba dakika kumi, washa, pumzika, zima tena. Au subiri usiku, kunguru wamelala. Tuktuk ndizo hazilali.