Usimvue Mzee wa Watu Miwani

Jumamosi nilikuwa Njiro, hapa Chuga (Arusha), tunamrekodi mwalimu mstaafu. Watoto wake wanataka kumbukumbu. Mimi niliitwa kushika taa tu. Mwongozaji katoka Dar na vifaa vya maana, softiboksi pana (taa yenye kitambaa cheupe mbele cha kulainisha mwanga) kaisimamisha kando ya kamera, usawa wa uso. Kutazama skrini, miwani ya mzee nyeupe pe, macho hakuna. Akaagiza: "Mwambie avue."

Kauli hiyo huwa inanichoma. Mtu kavaa miwani nusu ya maisha yake, ukimvua unabaki na alama mbili puani na macho yaliyokunjwa, halafu familia inauliza huyu nani. Nikaomba dakika chache. Jamaa akacheka, akaenda kunywa chai.

Mwanga hudunda kwenye kioo kwa pembe ileile ulioingilia. Ukitoka juu, unadunda kuelekea chini na kamera inaukosa. Basi taa nikaipandisha, nikaisogeza kando, nikaizidisha kimo kidogo kwa sababu softiboksi pana ukingo wake wa chini ndio unaochelewa kutoka kwenye kioo. Nyusi zikatupa kivuli machoni, nikamwekea mzee manila nyeupe mapajani irudishe mwanga juu. Dirisha lililokuwa nyuma ya kamera nikaliziba kwa kitenge cha mama mwenye nyumba.

Kikabaki kimng'ao kimoja, kioo cha kushoto.

"Shikamoo mzee, naomba niiguse miwani yako."

"Marahaba mwanangu, usinivunjie tu."

Nikainyanyua ile mikono ya miwani juu ya masikio, kiasi cha unene wa kalamu, vioo vikainama. Macho hayo hapo!

Mwongozaji aliporudi akasema, "Haya, twende." Basi. Video imetoka juzi, mwishoni kaandikwa hadi dereva. Jina langu halipo. Sijali. (Najali.)

Sasa nyie machalii wangu wa Chuga mnaoanza kwa kununua taa ya duara: hiyo inamchorea mteja pete mbili machoni, nanyi mnajitetea kwamba mtazifuta kwenye kompyuta. Picha moja sawa. Video ya saa nzima, kichwa kinacheza kila sekunde, utazifuta mpaka lini? Pandisha taa. Taa, pandisha. Na msikimbilie kichujio cha polaraiza, kile kioo cha kupunguza mng'ao kinachofungwa mbele ya lenzi. Mng'ao unaokutazama uso kwa uso hakiuwezi sana, na kinakula nusu ya mwanga wako au zaidi. Heshimu uso wa mtu kabla ya kuhesabu vifaa vyako.

Kama miwani yake ni ile inayogeuka nyeusi juani, usimsubirishe barazani wakati unapanga taa. Muingize ndani mapema, mpeni chai. Vioo vile huchukua dakika kadhaa kurudi, na ukianza kwa pupa utapata mahojiano ambayo mzee anaanza kama mpiga disko na kumaliza kama mwalimu.