Roshani imeinama? Weka plasta pembeni kwanza

Msomaji ametuma picha za roshani ya ghorofa ya kwanza. Imetoka nje ya ukuta mita 1.5, slabu ina unene wa milimita 125, na ukingoni pamejengwa ukuta mfupi wa tofali. Ncha imeshuka sentimita 4. Juu, sambamba na ukuta wa nyumba, kuna ufa. Fundi kamwambia ni ufa wa plasta, apige nyingine yaishe. Hayaishi.

Chukua ndala. Bana kisigino chake mkononi, sukuma ncha ya mbele kwenda chini. Upande wa juu unavutika, wa chini unajikunja. Roshani ni ndala hiyo hiyo. Zege linavumilia sana kugandamizwa, ila likivutwa lina kama sehemu ya kumi tu ya nguvu hiyo. Kwa hiyo nondo kuu za roshani hukaa juu. Fundi aliyezoea slabu za vyumba, ambako katikati ya chumba nondo hukaa chini, akisuka roshani kwa mazoea hayo amezika chuma mahali kisipofanya kazi.

Nondo ya daraja la nguvu la nyutoni 500 kwa milimita ya mraba, yenye urefu wa mita 12, inaweza kuvutwa ikarefuka milimita 30 hivi na bado ikarudi ilivyokuwa. Ikivuka hapo hairudi tena. Zege la urefu huo huo hukatika likirefuka milimita moja na kitu. Kwa maneno mengine, zege hupasuka kabla chuma hakijaanza kutoa jasho, na nyufa nyembamba chini ya milimita 0.3 ni za kawaida. Jaribu kuingiza kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76. Ikipita, acha kubishana na fundi, tafuta mhandisi.

Sasa hesabu za msomaji wetu. Kanuni ya zamani ya Uingereza ya BS 8110 (iliondolewa mwaka 2010), ambayo wahandisi wengi wa huku wamefundishwa nayo, inaanza na uwiano usiozidi 7 kwa slabu iliyoshikwa upande mmoja tu: urefu ugawanywe kwa kina kutoka chini ya slabu hadi katikati ya nondo za juu. Uwiano huo hurekebishwa kulingana na chuma kilichomo, lakini yake ni 1500 kwa 94 (unene wa 125, toa 25 za zege linalofunika nondo na 6 za nusu ya nondo), karibu 16! Hapo tumechukulia nondo ziko mahali pake. Ukipunguza urefu kutoka mita 1.5 hadi 1.2, kwa mzigo ule ule wa kila mita, kushuka kwa ncha kunapungua zaidi ya mara mbili, kwa sababu urefu unaingia kwa kipeo cha nne. Ukuta wa tofali nao unaongeza kama kilo 300 kwa kila mita, tena pale pabaya kuliko pote. Weka reli ya chuma.

Kosa linaloua roshani nyingi ni la siku ya kumwaga zege, nalo linafanywa kwa miguu. Slabu ya milimita 150, nondo ya milimita 12 iliyofunikwa kwa milimita 25, ina kina cha 119. Vibarua wenye ndoo wakiikanyaga ikashuka milimita 40, theluthi ya nguvu imekwenda, na ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kupinda, umepungua zaidi ya nusu. Kwa nje huoni kitu. Weka viti vya nondo (vya kuzishikilia juu zisishuke) kila sentimita 60 hadi 80, tandika mbao za kupitia, na mtu mmoja asimame na rula wakati zege linamwagwa. Nondo za juu zirudi ndani ya slabu ya chumba angalau mara moja na nusu ya urefu wa roshani. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, ukihesabu na unyevu wa mchanga.

Mirunda, yaani nguzo zinazobeba slabu kwa muda, ikae angalau siku 14, na kwenye roshani uanze kuitoa nchani ukirudi ukutani. Zege changa likibeba mzigo mapema huendelea kuinama kwa miaka. Kuinama kwa jumla kunaweza kufika mara mbili au tatu ya kule kwa siku ya kwanza. Hata Fallingwater, nyumba maarufu ya Frank Lloyd Wright huko Pennsylvania iliyojengwa miaka ya 1930, roshani zake ziliinama hadi zikavutwa kwa nyaya za chuma mwaka 2002. Jina kubwa halibebi zege.

Kwa msomaji: leo hii ondoa mapipa na vyungu vya maua, funga mlango wa roshani, na uweke mirunda chini ya ncha. Iguse slabu tu, usiilazimishe kupanda. Pima ncha kwa mpira wa maji wa kusawazishia kila wiki, saa ile ile ya asubuhi, maana jua nalo hupinda slabu. Kisha chimba taratibu sehemu tatu karibu na ufa uone nondo ziko kina gani. Zikiwa chini, bomoa, usuke upya.