Mwekezaji ana mkataba wake, wewe una nini? Ushauri kutoka Bagamoyo

Mi nina ka-stesheneri kangu hapa Bagamoyo mjini, natoa kopi, nachapa barua, najaza fomu za watu mtandaoni. Sio mwanasheria. Ila karatasi za ardhi zilizopita kwenye mashine yangu hii ni nyingi, na baadhi zilikuwa za ukoo wangu mwenyewe, ndo maana leo naandika.

Baba mdogo alikuwa na shamba la minazi na mikorosho, wakaja watu wa tathmini wakasema kuna mradi. Wakahesabu miti, wakampiga picha kashika kibao cha namba kifuani kama mfungwa (ile picha mpaka leo anaichukia), akasaini, wakaambiwa wote msipande zao la kudumu wala msijenge, hela inakuja. Ukapita mwaka, ukapita wa pili, wa tatu huo. Paa linavuja haliezeki, shamba halipaliliwi maana utapalilia cha nani, na minazi mitatu ikaanguka. Siku anakuja dukani kwangu tuandike barua ya kuulizia namwambia baba, nipe kopi ya fomu. Hana. Alisaini akawarudishia yote!

Kosa la kwanza ndo hilo na nimeliona kwa watu wengi mno. Usisaini kitu ukabaki mikono mitupu, hata kama mthamini ana haraka na gari inanguruma nje. Piga picha kwa simu kila ukurasa, hasa ule wenye idadi ya miti na tarehe.

Tarehe kwa nini? Kwa sababu sheria ya uthamini ya 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 inaanza kudai riba, na tathmini ikifika miaka 2 haijalipwa imekufa, inatakiwa ifanywe upya. Baba mdogo hakujua, na mimi mwenyewe nilijua kwa bahati tu, kuna kijana wa chuo alikuja kutoa kopi ya hiyo sheria nikaanza kuisoma huku mashine inafanya kazi. Tukaandika barua, tukazungushwa sana, mwisho wakarudia tathmini na hela ikatoka. Ile minazi mitatu lakini haikuhesabiwa tena kwa kuwa haipo.

Sasa huko ndo nikaanza kujiuliza, hivi mradi ukifa, mwekezaji yeye anakuwaje? Maana sisi tulikuwa tunaongea kijiweni, kahawa na kashata, kwamba na yeye amepata hasara kama sisi. Ndugu zangu, hapana.

Chukua ule mradi wa miwa wa Razaba, hapahapa wilayani kwetu. Kampuni ya Kiswidi, EcoEnergy, ilipewa hati ya eneo la zaidi ya hekta 20,000, serikali ikaja kuifuta hati 2016. Kampuni haikwenda baraza la ardhi. Tanzania na Uswidi zilisaini mkataba wa kulinda wawekezaji mwaka 1999, kwa hiyo 2017 wakafungua kesi ICSID, kile kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kule Washington, na 2022 wasuluhishi wakaamua Tanzania ilipe kama dola milioni 165. Kuna waliokuwa wanaishi na kulima mle ndani, wakahesabiwa wakaambiwa watahamishwa, wakakaa miaka hawajui wapande au wasipande. Kwenye kesi ya namna ile pande ni mbili tu, mwekezaji na serikali. Mkulima wa Makurunge, huko kwenye eneo la Razaba, yule mkataba haumjui kabisa, jina lake halimo.

Na mikataba ya zamani ndivyo ilivyoandikwa: mwekezaji anatajiwa haki zake, asinyang'anywe bila fidia, atendewe kwa haki, lakini wajibu wake kwa mto, kwa mazingira, kwa kijiji, huoni. Hata ukiuvunja hauondoki haraka. Ule wetu na Uholanzi ulikoma Aprili 2019 lakini waliowekeza kabla ya hapo wanalindwa miaka 15 mbele, yaani mpaka 2034. Siku hizi kuna inayoandikwa vingine, Moroko na Nijeria walisaini wao 2016 ukamtaka mwekezaji afanye tathmini ya athari za mazingira na za jamii kabla ya mradi, ndo maendeleo endelevu yenyewe hayo, sio bango tu la semina.

Sisemi wawekezaji wafukuzwe. Vijana wetu wanataka kazi, na mimi mradi ukija nauza kopi. Wala sio kwamba serikali inashindwa kila kesi: Urugwai ilishtakiwa na kampuni ya sigara ya Philip Morris 2010 kwa sababu ya maonyo kwenye pakiti za sigara, na 2016 Urugwai ikashinda. Ninachosema mwenzio anakuja kikaoni na kinga tayari mfukoni, wewe kinga yako ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa hiyo nenda mkutanoni, usimwachie mwenyekiti na mtendaji peke yao. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa mradi, eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu ndio unaoamua, likizidi hapo ni waziri, ila nyinyi lazima msikilizwe kwanza. Na kuna swali watu hawaulizi jamani: ardhi ikishahaulishwa, yaani ikihamishwa kutoka ya kijiji kuwa ya jumla (ile inayosimamiwa na serikali kuu), mwekezaji akishindwa inarudi kwa nani? Hairudi kijijini yenyewe, wapo waliodhani itarudi wakangoja mpaka leo. Ulizeni kabla ya kunyoosha mikono, na jibu liandikwe kwenye muhtasari kwa maneno hayohayo, sio "wananchi walielimishwa." Waambieni pia walete ripoti ya mazingira, kwa Kiswahili, muone maji ya mto Wami wanachukua kiasi gani.

Halafu muhtasari ule ombeni nakala. Baba mdogo siku hizi kila mkutano yupo mbele, na nakala zake anaziweka kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, ukimwomba akuonyeshe anakuuliza kwanza umetumwa na nani.