Ugoko unauma na nusu marathoni ni wiki 8 zijazo: jibu kwa kijana wa miaka 17

Mdogo wangu, umesema umepanda kutoka kilomita 25 kwa wiki hadi 50 ndani ya mwezi mmoja, ugoko wa kushoto unauma, na unataka nusu marathoni baada ya wiki 8, kisha marathoni kamili wiki 6 mbele yake. Tuanze na mguu, ratiba baadaye.

Kaa chini, pitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Maumivu yakitandaa zaidi ya sentimita 5 na kupungua ukishapata joto, mara nyingi ni utando wa juu ya mfupa uliochokozwa. Yakikaa mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, yakazidi kadiri unavyokimbia au yakakuamsha usiku, acha kukimbia leo hii, huenda mfupa unaingia ufa. Usirukeruke kwa mguu huo eti uhakikishe. Muone daktari, na ujue kwamba eksirei ya wiki za mwanzo huweza kutoka safi ilhali ufa upo. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huuona mapema. Na siku kinena kikiuma, usingoje hata kesho: ufa wa shingo ya mfupa wa paja ukiachwa, mfupa unaweza kukatika kabisa.

Kinachowaponza vijana ni pumzi. Moyo na mapafu hukubali mazoezi ndani ya wiki chache, lakini mfupa na kano hutaka miezi. Tena mfupa uliolemewa humomonyoka kwanza ndipo ujengeke upya, kwa hiyo kuna wiki ambazo wewe unajisikia mwepesi, unaongeza kilomita, na mfupa wenyewe ndio kwanza umedhoofika.

Marathoni ya mwaka huu iondoe. Nusu marathoni ibaki, ila kwa sharti kwamba daktari hakukuta ufa. Tembea dakika 30 bila maumivu siku kadhaa mfululizo. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 1, mara 10, siku moja ukimbie na inayofuata upumzike. Ongeza muda kwanza; mazoezi ya kasi na vilima yaje mwisho. Mbio ndefu isizidi theluthi ya kilomita za wiki, na kila wiki ya nne punguza robo. Maumivu yakirudi kesho yake asubuhi, rudi hatua moja nyuma.

Na ule, tafadhali. Kujinyima ili uwe mwepesi kunauvunja mfupa kuliko lami. Kwa umri wako kalsiamu ni miligramu 1300 kwa siku, usingizi saa 8 hadi 10. Mabinti mnaosoma hapa, hedhi ikikatika miezi mitatu, hiyo huenda ni ishara kwamba mwili haupati chakula cha kutosha, mkamuone daktari.

Dawa ya maumivu usimeze kabla ya kukimbia. Hutajua pale mahali pameanza kuuma saa ngapi.