Maswali Yenu: Muvi za kitambo za sayansi ya kubuni, zirudiwe au ziachwe?

Mwezi huu barua nyingi zinazunguka jambo hilohilo, kwaiyo nazijibu pamoja.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mi na kaka yangu hatuelewani, wiki ya pili sasa. Yeye anasema muvi zote za zamani za maroboti na viumbe wa sayari nyingine zirudiwe kwa kompyuta maana zinachekesha, unaona kabisa dude lenyewe ni mtu kavaa mpira. Mi nasema ziachwe, kuzirudia ni kuwavunjia heshima waliozitengeneza. Tuamulie. – Mdogo Mtu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mmekosea wote, ila naanza na wewe uliyeandika. Kama kurudia ni kuvunja heshima basi itupe na The Thing ya John Carpenter ya 1982, maana ile nayo ni ya kurudia. Ya kwanza ilitoka 1951, inaitwa The Thing from Another World, na zote mbili zimetoka kwenye hadithi moja ya John W. Campbell ya mwaka 1938. Sasa kwenye hadithi kile kiumbe kinajigeuza kuwa mtu yeyote, yaani mmekwama kambini kwenye barafu na humjui nani mwenzako na nani ndo dude lenyewe. Waliotengeneza ya 1951 hapo ndo wakaacha, wakaweka pandikizi la mtu lina mekapu linatembea kwenye korido basi. Carpenter akarudi kwenye hadithi akaokota walichokidondosha. Ndo maana mi nikiulizwa muvi irudiwe au la, nauliza kwanza, kuna kitu kilibaki hakijasemwa? Kama kipo rudieni, kama hakipo tulieni.

Na usidhani walimpigia makofi. Ilitoka Juni 1982, wiki mbili tu baada ya E.T., watu wametoka kulia machozi kwa ajili ya kageni kapole kanakotaka kurudi kwao, afu wewe unawaletea mbwa anapasuka uso anatoa mikono isiyoeleweka. Ilibuma na wahakiki wakaiponda vibaya. Sifa zote unazozisikia saivi zimekuja baadaye.

Kuhusu mtu kavaa mpira, mwambie kaka yako Godzilla wa 1954 alikuwa mtu kavaa mpira kweli, Haruo Nakajima, na hakuna aliyecheka. Wajapani walikuwa wameshapigwa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki miaka tisa tu nyuma, na Machi mwaka huohuo wa 1954 meli yao ya uvuvi ilinyeshewa majivu ya sumu kutoka kwenye jaribio la bomu la Marekani kule visiwa vya Bikini, mvuvi mmoja akafa. Novemba likaja hilo joka kwenye skrini linachoma Tokyo, watu walijua kabisa wanaangalia nini. Wamarekani wakalirudia 1998 kwa kompyuta, likawa mjusi mkubwa anakimbia mtaani, hofu yote wameiacha nje. Afu angalia Godzilla Minus One ya 2023, Wajapani wenyewe wamerudi kwenye miaka ileile ya baada ya vita, kompyuta wametumia tena sana, ila timu ya efekti ilikuwa watu 35 tu na wakabeba Oscar. Kwaiyo kompyuta haina kosa.

SWALI: Mhariri, umewahi kuandika kwamba Invasion of the Body Snatchers imerudiwa mara tatu. Hivi kweli hadithi moja inabeba yote hayo? – Mpenzi wa Usiku wa Manane

JIBU: Inabeba ndugu yangu, na hii ndo naipenda kuliko zote kwa sababu ni kama kipimajoto, kila kizazi kinajipima nayo. Hadithi ni fupi tu, maganda yanaota, ukilala linatengeneza mtu kama wewe, sura yako na sauti yako, ila ndani hamna kitu. Ya 1956 ya Don Siegel iko kwenye mji mdogo, na mpaka leo watu wanabishana kama yale maganda ni wakomunisti au ni wale waliokuwa wanawawinda wakomunisti, na uzuri wake yanakaa kotekote. Ila Siegel alitaka iishe daktari, yule steringi, akiwa barabarani anapiga kelele kwenye magari na hakuna anayemsikiliza. Wenye studio wakaogopa, wakamlazimisha aweke mwanzo na mwisho wa kutuliza roho, madaktari wanaamini, simu inapigwa, haya nendeni mkalale.

Hapo si kuna kitu kilibaki? Philip Kaufman akaja 1978 akaipeleka San Francisco, jiji ambalo jirani humjui hata akiwa mzima, Marekani imetoka kwenye kashfa ya Watergate iliyomng'oa rais na hakuna anayeiamini serikali, halafu Kevin McCarthy, mwigizaji yuleyule aliyekuwa daktari wa 1956, anatokea mtaani anakimbia anapiga kelele zilezile kama vile hajawahi kusimama miaka 22 yote. Mwisho wake siusemi kwa ambao hawajaona, ila sisi tuliokulia kwenye imani ya steringi hafi ule mwisho ulitukata maini. 1993 wakaipeleka kambi ya jeshi, wazo kali sana kwa kweli, maana kule watu wote wanatakiwa wafanane hata kabla ya maganda. Ya 2007 ya Nicole Kidman mi niliona imechoka, kila kitu kinaelezwa na kukimbizwa na magari.

Kwaiyo hata kubadilisha hofu peke yake hakutoshi. The Day the Earth Stood Still ya 1951 mgeni anakuja kutuonya kuhusu silaha za atomiki, ya 2008 ya Keanu Reeves anakuja kwa sababu tunaharibu mazingira, hofu mpya kabisa na ya kweli. Lakini ile ya zamani mgeni anapanga chumba, anatembea mjini na mtoto, anatuangalia tunavyoishi. Ya 2008 hiyo sehemu wameipunguza wakajaza milipuko, sasa mgeni ataamuaje kama tunafaa kuishi wakati hata hajakaa na sisi?

SWALI: Kwanini studio zinarudia muvi nzuri badala ya mbovu? – Nimechoka Kabisa

JIBU: Jina. Muvi ambayo kila mtu anaijua imeshajitangaza yenyewe kabla ya trela, na mwenye pesa anaogopa hasara kuliko anavyopenda hadithi. Ila umeuliza swali la maana kuliko ulivyodhani. Dune ya David Lynch ya 1984 ilikuwa imeubana ule mkitabu wa 1965 kwenye masaa mawili na kitu, Lynch mwenyewe hakupewa neno la mwisho kwenye kuihariri na aliikana. Denis Villeneuve akaigawa mara mbili, 2021 na 2024, na hiyo ya kwanza ikachukua Oscar sita. Zilizopungukiwa kama hizo ndo za kurudia bwana. Sasa linganisha na RoboCop ya 1987, ile imeshasema yote, kampuni imenunua polisi, matangazo ya biashara ya kejeli katikati ya habari, damu ya kupitiliza makusudi. Ya 2014 wakailainisha ili na vijana wadogo waruhusiwe kuingia, kejeli nyingi ikaenda na maji. Na Total Recall ndo kichekesho kabisa, hadithi ya mtu anayeota kwenda Mars, wakairudia 2012 wakaitoa Mars.

SWALI: Kuliko kurudia, si bora waitengeneze ileile ya zamani, waisafishe na kuiongezea efekti? – Fundi

JIBU: Kusafisha vumbi na mikwaruzo sawa, kuongeza hapana, hapa sina huruma. Muvi ikirudiwa vibaya ya zamani bado ipo, unazima mbovu unawasha nzuri. Lakini ukiichezea yenyewe unakuwa umeifuta. George Lucas mwaka 1988 alienda mbele ya Bunge la Marekani kutetea kwamba filamu za zamani zisiharibiwe kwa kubadilishwa, wakati huo watu walikuwa wanazipaka rangi zile za weusi na weupe. 1997 yeye mwenyewe akazirudisha Star Wars kumbini akiwa ameongeza viumbe vya kompyuta na kubadilisha hata nani kaanza kufyatua risasi mezani kati ya Han Solo na adui yake, na baada ya hapo ile ya 1977 kama ilivyotoka ikawa kazi kuipata, 2006 waliiweka kwenye DVD kama nyongeza tu. Metropolis ya Fritz Lang ya 1927 nayo ilikatwakatwa baada ya kuonyeshwa Berlin, karibu robo yake ikapotea miaka 80, mpaka 2008 ikapatikana kopi Buenos Aires imejaa mikwaruzo kama mvua inanyesha. Mi ile mikwaruzo naibusu.

SWALI: Shikamoo mzee. Mdogo wangu keshakuandikia najua, na amenisema vibaya. Mi sisemi za zamani zote mbaya, nasema tu kompyuta ya leo inaweza kufanya chochote, kwanini tuvumilie midoli? – Kaka Mtu

JIBU: Marahaba, na pole, kweli amekusema. Sikiliza, 2011 ilitoka The Thing nyingine, inayoeleza yaliyotokea kabla ya ile ya Carpenter. Mafundi walijenga madude ya kushikika, mashine na mpira, wakayapiga picha na waigizaji wakiwa hapohapo, afu baadaye studio ikayafunika mengi kwa kompyuta. Leo ukiziweka pamoja hiyo ya 2011 ndo inaonekana imezeeka, dude linateleza kama halina uzito, wakati midoli ya fundi wa efekti Rob Bottin ya 1982 ina ute unaong'aa kwenye taa ileile inayommulika mwigizaji. Usiniamini mimi. Zima taa, weka ya 1982, subiri mpaka wafungane kwenye viti waanze kupima damu kwa waya wa moto, halafu niandikie tena uniambie ulicheka sehemu gani.