Kabla Hujailaumu Jazzmaster ya Zamani

Malalamiko kuhusu magitaa ya umeme ya zamani aina ya Fender Jazzmaster hayabadiliki: nyuzi zinaruka kutoka kwenye vifereji vyake ukipiga kwa nguvu, daraja (kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa) linapiga kelele, gitaa halikai kwenye tyuni. Basi mwenye gitaa anakimbilia kununua daraja jipya, au vibaya zaidi, anatoboa mbao ya mwaka 1962 isiyo na kosa lolote. Karibu yote hayo yana chanzo kimoja. Gitaa hili lilitoka mwaka 1958, wakati watu walifunga nyuzi nene. Siku hizi tunalifunga nyuzi nyembamba halafu tunashangaa.

Litazame kwa ubavuni. Uzi ukishapita juu ya daraja unasafiri mbali sana hadi kufika kwenye kishikio cha nyuma, na unashuka kidogo tu. Kwa hiyo nguvu inayolikandamiza daraja ni ndogo. Uzi mnene huvutwa kwa nguvu kubwa zaidi ili kufikia sauti ile ile, hivyo unatulia mahali pake. Funga seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni wa inchi 0.009 na hakuna cha kuushikilia.

Anza na seti ya 0.011, tena yenye nyuzi nzito upande wa besi. Ukiweza kuzoea 0.012, na uzi wa tatu uliosokotwa badala ya ule mtupu, utalisikia gitaa kama lilivyokusudiwa. Vifereji vya kule kichwani huenda vikawa vyembamba kwa nyuzi hizo. Ukisikia mlio wa "tiki" unapokaza funguo, uzi umenasa hapo. Vipanue kwa tupa nyembamba ya kazi hiyo, kidogo kidogo, bila kuongeza kina.

Nyuzi nene peke yake hazimalizi kazi. Hatua ya pili ni mwinamo wa shingo. Fungua skrubu nne za nyuma, inua shingo, kisha weka kipande cha mbao chembamba ndani ya tundu la shingo, upande ulio karibu na pikapu (kile kifaa chenye sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi). Nusu milimita inatosha kuanzia, na ni nadra kuhitaji kupita milimita moja. Kichwa cha gitaa kitalala nyuma kidogo, nyuzi zitashuka karibu na freti (vile vyuma vilivyokatiza ubao wa vidole), nawe utalazimika kuinua daraja ili zirudi kimo chake. Hicho ndicho unachokitaka: daraja likiwa juu zaidi, nyuzi zinashuka nyuma yake kwa pembe kali zaidi na kulikandamiza vizuri. Kipande kilichochongwa kama kabari na kujaza tundu lote ni bora kuliko karatasi iliyokunjwa. Shingo ikiwa nje, rekebisha pia chuma chake cha ndani kinachonyoosha shingo, maana kwenye magitaa haya skrubu yake iko chini ya shingo na hutaifikia kirahisi ukishafunga.

Usishushe nyuzi mno. Ubao wa vidole wa zamani una mviringo mkali, nusu kipenyo cha inchi 7.25, na ukivuta uzi mwembamba pembeni huku nyuzi ziko chini sana, sauti inakufa katikati ya mvuto. Milimita 2 kwenye freti ya 12 upande wa besi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sasa daraja lenyewe. Miguu yake miwili ina ncha kali ndani, zinazosimama kwenye vikombe vya chuma. Daraja linatikisika kwa makusudi, ili liende na nyuzi unapobonyeza mkono wa tremolo (ule mtaimbo mdogo unaolegeza na kukaza nyuzi ili sauti iyumbe) na kurudi nazo. Watu huzungushia miguu hiyo tepu ili lisicheze. Nyuzi zinabaki zikisuguana na daraja na tyuni inapotea kila ukitumia mkono. Liache licheze, ila hakikisha limesimama wima katikati ya vikombe gitaa likiwa kwenye tyuni. Kelele inayosikika mara nyingi inatoka kwenye skrubu ndogo za kimo, ambazo hulegea kwa mtetemo na kuzama. Tone la rangi ya kucha kwenye kila moja linazishika, na siku ukitaka kurekebisha linaachia. Ukilazimika kubadili daraja, la Mustang, gitaa jingine la Fender, linaingia kwenye vikombe vile vile bila kutoboa chochote, na kila uzi unakaa kwenye kifereji kimoja chenye kina.

Tremolo ina kitufe cha kufunga, na wengi hawajui kukitumia. Kitufe kikiwa wazi, tyuni gitaa, kisha jaribu kukisukuma kifunge. Ikibidi ubonyeze mkono kwanza ndipo kiingie, springi ni kali: legeza skrubu ya katikati robo mzunguko, tyuni tena, jaribu tena. Kikiingia kwa ulegevu, kaza. Kikikaa sawa, uzi ukikatika jukwaani unakifunga na nyuzi tano zilizobaki hazipandi.

Umeme nao una mtego wake. Swichi ndogo ya juu, karibu na pembe ya gitaa, ikisukumwa upande mmoja inawasha pikapu ya shingo peke yake na kuihamishia kwenye magurudumu mawili madogo. Vitufe vikubwa vya volumu na toni havifanyi kazi tena. Magitaa mengi yamepelekwa kwa fundi kwa "kufa" kumbe swichi hiyo iligeuzwa na magurudumu yako sifuri. Pikapu zinafanana kwa nje na P-90, pikapu za Gibson, lakini sumaku zake ni vijiti vilivyo ndani ya koili, na potensiometa (vipunguza umeme vilivyo chini ya vitufe) za volumu ni megaomu 1. Ndiyo maana sauti ina makali. Ukiweka za kilo-omu 250, sauti inafifia. Ukiwasha pikapu zote mbili, mvumo wa umeme unapungua sana.

Mbunifu wake, Leo Fender, alilenga wapigaji wa jazi. Waliolichukua ni vijana wa muziki wa surf wa California, na baadaye wanamuziki wa roki Elvis Costello na Tom Verlaine. Kevin Shields wa My Bloody Valentine hupiga huku ameushika mkono wa tremolo, akiinamisha sauti ya kodi nzima (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), jambo linalowezekana kwa sababu tremolo hii ni laini na daraja linatembea. Lee Ranaldo wa Sonic Youth amepiga nyuzi nyuma ya daraja, kwenye ule urefu unaolaumiwa, zikalia kama kengele. J Mascis wa Dinosaur Jr. kwa upande wake alipendelea daraja lisilotikisika, na kwa mtu apigaye kwa nguvu kama yeye ni uamuzi wa haki.

Ukinunua la zamani, usitegemee namba ya mfululizo (serial) peke yake. Angalia tarehe kwenye kisigino cha shingo, ule mwisho unaoingia kwenye tundu, na namba za potensiometa: 1376534 maana yake ni kiwanda cha CTS (137), mwaka 1965, wiki ya 34. Ubao wa vidole wenye ukingo mweupe lakini alama za nukta ni wa karibu 1965; alama za mraba zilianza 1966. Uzalishaji ulisimama 1980. Usiyeyushe risasi ya zamani iliyounganisha nyaya bila sababu, na kila kipande unachokiondoa, hata skrubu, kiweke kwenye mfuko ulioandikwa na kibaki ndani ya kasha la gitaa.